Nataka kumpeleka mzee wangu hifadhi ya kaskazini mashariki ya Greenland kwa meli, wenye uzoefu naombeni ushauri

BintiRuaha

Wadau habari zenu, poleni na majukumu. Naomba ushauri kwa yeyote aliyefika au anayefanya kazi kwenye meli zinazoenda Greenland, hasa ile hifadhi ya taifa ya kaskazini mashariki, maana nimesoma matangazo ya kampuni karibu zote na yanafanana, dubu, barafu, machweo, hakuna anayeniambia ninachotaka kujua.

Mimi naishi Norway kikazi. Baba yangu yuko Iringa, kastaafu uhifadhi, ujana wake wote umeishia Ruaha, doria za miguu, kulala nje, kufuata nyayo za majangili. Kuna siku tunaongea kwenye simu nikamwambia baba, hifadhi ya taifa kubwa kuliko zote duniani wala haiko Afrika, iko Greenland, kilomita za mraba 972,000, ukiichukua Tanzania yote na Zanzibar yake inaingia humo na nafasi inabaki. Akakaa kimya halafu akauliza, "askari wao wangapi?" Nikamwambia nimesoma ni vijana 12 na mbwa. Basi tangu siku hiyo kila nikipiga simu lazima aulizie wale vijana, doria wanafanyaje, wanakula nini, nani anawapokea zamu. Nimedunduliza muda mrefu na nimeamua kumpeleka. Ana miaka 68, mkakamavu, ila goti la kulia linamsumbua akiteremka mlima.

Sasa wakuu, hizo meli zinaingia kweli ndani ya hifadhi au zinapita kwa mbali tu? Mwezi gani ni mzuri? Visa ya mzee kutoka Bongo inakuwaje, maana Greenland iko chini ya Denmark lakini meli inaondokea Longyearbyen, kule visiwa vya Svalbard vya Norway, inamalizia Iceland, hapo ndipo nachanganyikiwa kabisa. Na usalama jamani, nimesikia habari za mlima kuporomoka na meli kukwama. Halafu mzee hakosi swala tano na jua la huko nasikia halieleweki. Asanteni sana.

Mvita_Baharini

Dadangu, kwanza mzee mfikishie shikamoo yangu. Mimi ni mtu wa Mombasa, nafanya kazi upande wa hoteli kwenye hizi meli ndogo za ekspedisheni na huko Greenland mashariki tunafika kila msimu, kwa hiyo nakueleza ninachokiona.

Meli zinaingia ndani kabisa. Kutoka Longyearbyen mnavuka bahari kama siku mbili hivi, halafu mnakutana na ukanda wa barafu inayoelea, ile barafu ya baharini inayoshushwa na mkondo kutoka kaskazini kufuata pwani yote ya mashariki. Huo ukanda ndio mlango wenyewe. Mwaka mwingine umeachia, mwaka mwingine nahodha anatembea nao usiku kucha akitafuta upenyo. Ndiyo sababu safari karibu zote ziko kati ya mwisho wa Julai na Septemba, kabla ya hapo pwani imefungwa na baada ya hapo inaanza kufunga tena. Mkishapita mnaingia kwenye fjodi, ghuba ndefu nyembamba zenye kuta za milima huku na huku, Kejser Franz Joseph Fjord peke yake inaingia bara kama kilomita 200, kusini yake iko Kong Oscar Fjord, na humo ndani maji yametulia tuli hata mtu aliyekuwa hoi na bahari utamkuta asubuhi yuko staha ya juu na kamera. Kuna mlima mmoja humo unaitwa Teufelschloss, mawe yake yana mistari myekundu na ya manjano imepangika tangu majini mpaka kileleni, zaidi ya mita elfu moja kwenda juu, watu wakiuona wanaacha chakula mezani.

Mimi ningekuwa mimi ningechagua mwisho wa Agosti kuingia Septemba. Mimea ya kule ni mifupi, haipiti kifundo cha mguu, lakini wakati huo majani yote yanageuka mekundu na ya dhahabu bonde zima, mbu wameisha, na usiku kunaanza giza la kutosha kuona aurora, ile mianga ya rangi inayocheza angani. Ndege wengi wanakuwa wameshaondoka, hilo ndilo utakalokosa.

Kuna jambo umweleze mzee mapema na kwa kazi aliyofanya atalielewa haraka kuliko abiria wengi, ratiba iliyoandikwa kwenye brosha haikufungi wala haimfungi nahodha. Kila jioni kiongozi wa safari anasimama mbele ya ramani ya barafu ya setilaiti anasema kesho tutajaribu hapa, ikishindikana tunaenda kule. Nimeona watu wamelipa pesa nyingi wakakasirika kwa sababu bonde walilolitaka limezibwa na barafu, wakati dirishani kwao kuna kundi la maskoksi, wale wanyama wa manyoya marefu yanayogusa ardhi, wamesimama wanatutazama. Anayekwenda kule kuhesabu dubu anarudi na kinyongo. Anayekwenda kuiona nchi yenyewe hajawahi kunilalamikia.

Kushuka nchi kavu ni kwa boti za mpira za Zodiac. Kabla hamjashuka, waongozaji wanatangulia na bunduki na bastola za fataki, wanapanda kilimani na darubini wanakagua kila jiwe jeupe, kwa sababu kuna mawe meupe yanayosimama yakatembea. Dubu akionekana hakuna kushuka, hakuna mjadala. Na siku mnayovuka bahari mnaitwa ukumbini na nguo zenu zote za nje, mnafyonza mifuko kwa mashine, mnachokoa mbegu kwenye velkro moja moja kwa kibano, buti zinasuguliwa kwa dawa mpaka kwenye mifereji ya soli, ili msipeleke mbegu ya kigeni kule. Kuna abiria wanaona ni usumbufu. Mzee wako nadhani ataomba kibano cha pili awasaidie.

Kuhusu goti, asiogope. Anashuka ngazi ya pembeni ya meli, anashikana na mwongozaji mkono kwa mkono juu ya kifundo cha mkono, siyo kiganja kwa kiganja, anakaa kwenye ubavu wa boti. Ufukweni anashuka kwenye maji ya chini ya goti na buti za mpira ambazo meli nyingi zinakuazima. Halafu watu wanagawanywa, wa kutembea mbali, wa wastani, na wa kubaki karibu na ufukwe. Mchukulie fimbo mbili za kutembelea na amwambie kiongozi ukweli wa goti lake siku ya kwanza.

Pasi_na_Muhuri

Naongezea upande wa visa maana hapa ndipo Waafrika wengi wanakwama. Viza ya Schengen ya kawaida, ile moja ya nchi nyingi za Ulaya, HAIFIKI Greenland. Greenland haimo kwenye Schengen, kwa hiyo visa ya mzee lazima iwe imetolewa na Denmark na iwe imeandikwa wazi kwamba inakubalika Greenland. Mkiomba semeni tangu mwanzo kwamba mnakwenda huko na mweke barua ya kampuni ya meli yenye tarehe na njia.

Halafu kuna hili la Longyearbyen. Svalbard yenyewe haiulizi visa, ni kwa mkataba ule wa 1920, lakini ndege ya kwenda huko inapitia Norway bara, na ukitoka Norway kwenda Svalbard unahesabiwa umetoka Schengen. Mkifika Iceland na meli mnaingia Schengen upya. Kwa hiyo visa ya kuingia mara moja haifai, akiwa nayo hiyo watamzuia bandarini Iceland au hata hatapandishwa meli, aombe ya kuingia mara nyingi. Anzeni miezi mingi kabla, msilipe pesa isiyorudishwa mpaka mmeona njia ya visa.

Na bima. Kampuni nyingi hazikupandishi bila bima ya kusafirishwa kwa dharura, na siyo bima ya kawaida ya safari, soma kiwango chake. Mle ndani hakuna hospitali, kuna daktari wa meli na chumba chake kidogo, mgonjwa mahututi anapelekwa Iceland na helikopta haiwezi kufika kila mahali. Kwa mtu wa miaka 68 watakupa fomu ya afya ajaze na daktari wake, msiifiche presha wala sukari.

Ngosha_Mwenye_Swali

Dada hongera kwa kumkumbuka mzee, wengi wetu tunatuma pesa ya dawa basi. Lakini niseme la moyoni, safari kama hii ya siku 12 au 14 bei ya chini mara nyingi inaanzia juu ya dola 8,000 kwa mtu mmoja, na hapo mnalala watu watatu kabini moja. Wewe na mzee ni mara mbili, weka ndege, bima, visa. Na ile barafu inayeyuka kwa sababu ya moshi, halafu sisi tunapanda meli inayochoma mafuta tukaitazame ikiyeyuka, hapo mimi roho inanisuta. Kwa nini usimpeleke Longyearbyen tu mkakaa hotelini wiki, mkatoka na boti za siku moja, akaona dubu akiwepo na barafuto (ule mto wa barafu unaoshuka toka milimani), nusu ya pesa ikabaki akajengea kisima au nyumba?

BintiRuaha

Asante kaka Ngosha, hilo la moshi nimeliwaza sana na sina jibu linaloniridhisha, nimetafuta meli ndogo yenye watu wachache na isiyochoma mafuta mazito, zaidi ya hapo nakubaliana na wewe kwamba ni gharama dunia inalipa. Kuhusu nyumba, mzee nyumba anayo na kisima kipo. Nilimuuliza, baba nikupe hizi pesa au twende, akanijibu pesa nitazifanyia nini ambazo sijazifanyia. Longyearbyen tutalala siku mbili tatu lakini anachotaka yeye ni kuona wale 12 wanalinda vipi. Kaka wa Mvita, wanaonekana kweli au ni hadithi za kwenye intaneti?

Mvita_Baharini

Wapo, dadangu, wanaitwa Sirius, kikosi cha jeshi la Denmark tangu 1950, makao yao makuu ni Daneborg. Mwambie mzee hivi. Wanakwenda wawiliwawili, sleji moja (kile kigari cha kuteleza juu ya theluji kinachovutwa na mbwa), mbwa kama 13, wanazunguka majira ya baridi miezi kwa miezi bila kukutana na binadamu mwingine, wanalala kwenye hema au kwenye vibanda vilivyojengwa zamani na wawindaji wa Norway na Denmark waliotega mbweha kule. Kiangazi hawapumziki, ndipo wanapopeleka vyakula vya mwaka mzima kwa boti na ndege na kuviweka kwenye depo njiani, hivyo akikosea mtu hesabu ya Agosti, njaa inampata Machi. Kijana akijiunga anakaa miezi 26 mfululizo bila kurudi nyumbani. Ndio polisi wa hifadhi na ndio bendera ya nchi.

Mizizi yake ni vita. 1941 walianzisha doria ya sleji kwa sababu Wajerumani walikuwa wakija kujificha pwani ile kupima hali ya hewa, maana anayejua hali ya hewa ya Greenland leo anajua ya Ulaya kesho. 1943 doria iliwagundua kisiwa cha Sabine, na mwenzao mmoja, Eli Knudsen, aliuawa kwa risasi. Watu wachache vile na mbwa, kwenye pwani ya mamia ya kilomita.

Meli zikipata ruhusa zinashuka Ella Ø ambapo Sirius wana kituo cha kiangazi, au Daneborg. Si kila safari na huwezi kuahidiwa, lakini wakiwepo ni watu wa kuongea, wamekaa muda mrefu bila wageni. Mzee aje na maswali yake yote. Nimewahi kumuona mmoja wao akimwonyesha abiria jinsi wanavyoshona viatu vya mbwa, vile vidogo vya kitambaa vya kuzuia barafu kali isikate nyayo, ameviweka mfukoni vimechakaa vya kila rangi, abiria yule alikaa naye mpaka boti ya mwisho ikabidi aitwe kwa redio.

Umm_Salim

Assalaam alaykum. Mwanangu BintiRuaha, Mungu akulipe kwa unayomfanyia baba yako. Mimi niko Muscat, ila tulikaa Tromsø, kaskazini ya Norway, zamani na mume wangu kwa kazi yake, kwa hiyo la jua nalijua. Pale msikitini kiangazi jua lisipozama walikuwa wakifuata saa za Makka, wengine wanashika mji wa karibu wenye usiku na mchana. Mzee amuulize shehe wake kabla ya safari ashike moja asihangaike akiwa huko.

Mkienda Septemba mambo ni mepesi, jua linachomoza na kuzama kama kawaida, isipokuwa mwanzoni mwa mwezi huo wekundu wa jua unabaki upande wa kaskazini usiku kucha na isha haijulikani ilipoingia. Lakini yeye ni msafiri, ana ruhusa ya kupunguza na kuchanganya, adhuhuri na alasiri, magharibi na isha, na hapo shida imekwisha. Kibla kutoka pwani ile ni mashariki ukiegemea kusini kidogo, ila meli inageuka kila saa, asikariri ukuta wa kabini, atumie simu yenye GPS kila mara. Chakula uandike kwenye fomu mapema, mwambieni mpishi samaki na mboga, meli nyingi wanatimiza vizuri ukiwaambia kabla hawajapakia shehena. Na udhu kwa maji ya bomba la kabini ni ya moto, asije akadhani atatawadha na barafu.

Kaskazini_Kabisa

Mimi niko Iceland, nimewahi kupanda safari ya Scoresby Sund, ule mtandao mkubwa wa fjodi kusini ya hifadhi, kutoka huku, kwa hiyo naongelea usalama na kile kijiji.

Meli kukwama ni kweli, Septemba 11, 2023, Ocean Explorer ilipanda tope ndani ya Alpefjord ikiwa na watu 206. Meli ya jeshi la maji iliyokuwa karibu zaidi ilikuwa umbali wa maili za baharini kama 1,200. Ikakaa mpaka tarehe 14 ikavutwa na Tarajoq, meli ya utafiti wa samaki, hakuna aliyeumia. Siku mbili baada ya hapo, tarehe 16, kwenye Dickson Fjord kipande cha mlima kilidondoka majini kwa sababu barafuto iliyokuwa inaushikilia chini imekonda, wimbi likapanda kama mita 200 na maji yakaendelea kuyumba humo ndani hadi vipima tetemeko dunia nzima vikanasa mtikisiko kwa siku 9. Kituo cha Ella Ø kiliharibika, bahati hakikuwa na mtu. Sisemi kukutisha, nasema ili uulize kampuni yako maswali ya kweli: nahodha ameshaingia fjodi hizo mara ngapi, na wakikwama kuna meli gani nyingine karibu yao wiki hiyo. Kampuni nzuri inakujibu bila kuzunguka.

Sasa Ittoqqortoormiit. Ni kijiji cha watu kama 350 mdomoni mwa Scoresby Sund, kusini ya mpaka wa hifadhi, meli za mizigo zinafika mara mbili tu kwa mwaka. Kilianzishwa 1925 na familia zilizoletwa kutoka Ammassalik, kusini zaidi kwenye pwani hiyohiyo, na wawindaji wake wana haki ya kuwinda hata ndani ya hifadhi, ndiyo nchi yao. Mtakuta ngozi ya dubu inaanikwa nje ya nyumba kwenye fremu ya mbao. Kuna abiria wananuna wakiona, jamani pale hakuna shamba wala soko, msinune. Watoto msiwapige picha bila kuomba, mbwa waliofungwa minyororo msiwakaribie hata wadogo, wale siyo mbwa wa kubembeleza. Pembe ya narwhal, yule nyangumi wa kule mwenye jino refu kama mkuki, msinunue, kuitoa Greenland ni marufuku, baba yako hilo hahitaji kuelezwa. Nunueni kitu cha shanga au cha sufu ya maskoksi, pesa inabaki pale.

Na ndani ya hifadhi mkishuka mtaona duara za mawe chini kwenye nyasi, ndipo yalipokuwa mahema ya Inuit, wenyeji wa kule. Mwaka 1823 nahodha Mwingereza Clavering alikutana na kundi la watu 12 kwenye kisiwa ambacho sasa kina jina lake, na tangu hapo hakuna aliyewaona tena upande ule. Msikanyage, msisogeze jiwe hata moja. Ukisoma matangazo utadhani kule hakujawahi kuishi mtu.

BintiRuaha

Nimewasomea yote kwa simu, neno kwa neno, hata ya Umm Salim, shikamoo mama. Mzee anasema mawe ya kusimama na kutembea ameyapenda sana, Ruaha wao walikuwa na vichuguu vya namna hiyo. Anauliza mbwa wa Sirius wakizeeka wanapelekwa wapi, nimemwambia atawauliza mwenyewe. Tumekubaliana Septemba mwanzoni, kesho naanza na Denmark kabla sijalipa kitu. Kaka wa Mvita la mwisho, kabini niichukue ya wapi? Hajawahi kupanda meli kubwa kuliko ya Zanzibar.

Mvita_Baharini

Katikati ya meli, staha za chini, huko mtikisiko ni mdogo, achana na za juu zenye roshani hata wakikupa ofa. Dawa ya kichefuchefu ameze kabla hamjatoka Longyearbyen, asingoje aanze kuumwa, na daktari wa meli akague isigongane na dawa zake za presha kama anazo. Chukua kabini yenye kioo cha dirisha kwa sababu usiku aurora ikitokea wanatangaza kwenye spika, na kupanda ngazi mbili saa nane za usiku na goti lile si lazima.

Na ukishapata tarehe niandikie. Ikiangukia meli yetu, samaki wa mzee nitamsimamia mimi mwenyewe jikoni.